Mashindano ya sataranji yasitunyime muda wa kufikiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala iliyotoka katika ukurasa wa michezo, ambayo mwandishi wake alidai kwamba sataranji ni mchezo wa waliojaliwa kipaji, na kwamba aliyeanza kuucheza ukubwani afadhali abaki mtazamaji. Mimi niliingia katika mashindano kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 34. Sina mwalimu, nina kazi inayonimaliza mchana kutwa, na kombe sijawahi kulishika ila siku moja nilipoombwa kumsogezea mshindi. Hata hivyo, katika miaka 5 alama zangu za kiwango zimepanda kwa zaidi ya 200. Sizitaji kwa kujigamba, maana mabingwa wa kweli wakiziona watacheka. Nazitaja kwa sababu najua zilikotoka, karibu moja baada ya nyingine, na mahali zilipotoka panazibwa taratibu na waandaaji wa mashindano wenyewe.

Kwa wasomaji wasiozifahamu, alama hizi hukokotolewa kwa mfumo uliobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, likaanza kuutumia mwaka 1970. Mfumo huo haumjali mchezaji ana umri gani wala alipendeza namna gani ubaoni. Hutazama tu matokeo yaliyotarajiwa kati ya wawili na matokeo yaliyopatikana. Anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takriban pointi 76 katika kila mapambano 100, ushindi ukiwa pointi moja na sare nusu. Mtu mzima wa daraja langu, akishamaliza mapambano yake 30 ya mwanzo, akimshinda aliye sawa naye huongezewa alama 10, na akishindwa hupokonywa 10 hizo hizo. Kwa mwendo huo, bahati ya Jumamosi moja haimfikishi mtu mbali. Mjuzi atauliza kuhusu Machi 2024, shirikisho lilipowaongezea alama kwa mkupuo wachezaji waliokuwa chini ya 2000. Nyongeza hiyo nimekwisha kuiondoa katika hesabu yangu.

Kabla ya kuingia katika mashindano nilikuwa nimecheza maelfu ya mapambano ya dakika 3 na dakika 5 kwenye simu, usiku, nimejilaza. Nilidhani ninajifunza. Kumbe nilikuwa ninakariri makosa yangu mpaka yakawa mepesi, kwani katika dakika 3 mchezaji hana fursa ya kufikiri jambo asilolijua na hulazimika kurudia analolijua, liwe zuri au baya. Isitoshe, pambano likiisha hulikumbuki tena, unabonyeza kitufe na kumkabili mwingine huku hasira ya kushindwa ikiwa bado moto.

Mambo yalibadilika katika mashindano yangu ya kwanza ya muda mrefu, ambapo kila mmoja alipewa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Nilipata pointi moja na nusu katika raundi 5. Yalichezwa kwa mfumo wa Uswisi, uliotumika mara ya kwanza mjini Zürich mwaka 1895, ambao haumrudishi nyumbani aliyeshindwa, bali humpambanisha katika raundi inayofuata na mwenye pointi zinazolingana na zake. Nani angenivumilia kwa raundi zote 5 kama yangekuwa mashindano ya mtoano? Lakini zawadi kubwa niliyotoka nayo zilikuwa karatasi 5 nilizoandikia hatua zote, zangu na za wapinzani wangu, kama kanuni zinavyoagiza katika michezo ya muda mrefu. Katika michezo ya kasi kanuni hazimlazimishi mchezaji kuandika, na ndiyo maana wengi wetu tuna miaka ya kucheza nyuma yetu lakini hatuna hata ukurasa mmoja wa kuusoma.

Nilianza kuzisoma karatasi hizo jioni, kwa ubao na kete, kompyuta ikiwa imezimwa. Pembeni mwa kila hatua niliandika nilichokuwa nikikifikiria wakati ule, hata kilipokuwa cha aibu, na baada ya hapo tu ndipo niliiuliza programu ya kompyuta ya sataranji. Utaratibu huu si uvumbuzi wangu. Mikhail Botvinnik, aliyekuwa mhandisi wa umeme na bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1948, aliwahimiza wachezaji wayachambue mapambano yao wenyewe kwa maandishi na kuwaonyesha wengine uchambuzi huo ili ukosolewe. Programu za leo humshinda bingwa yeyote aliye hai, lakini zina kasoro moja kwa mwanafunzi: hukwambia kwamba umekosea na hazikwambii ulikuwa unawaza nini ulipokosea. Hilo unalijua wewe peke yako, tena kwa siku chache tu kabla hujalisahau.

Nilichokikuta katika karatasi zile kilinishangaza. Nilikuwa nimetumia miezi kukariri hatua za ufunguzi, 12 hadi 15 kwenda chini, nikiamini ndipo ninapopigwa. Sivyo. Mara nyingi nilitoka katika ufunguzi nikiwa salama, kisha nikaacha farasi au askari bila ulinzi kwa sababu sikujiuliza hatua ya mwisho ya mpinzani ilikuwa inatishia nini. Na pale nilipoepuka balaa hilo, nilifika mwishoni mwa mchezo, kete zimebaki chache, nikawa kama mgeni aliyeachwa njia panda.

Pambano moja ninalikumbuka zaidi ya mengine. Nilibaki na mfalme na ngome; mpinzani alikuwa na mfalme, ngome na askari mmoja. Mfalme wangu alikuwa amesimama mbele ya yule askari, mahali pazuri kabisa, nami nikaanza kuihangaisha ngome yangu huku na huko mpaka nikashindwa baada ya saa 4. Nyumbani niligundua kwamba nafasi ile, yaani mpangilio ule wa kete ubaoni, ilikuwa sare tupu, na kwamba Philidor, mchezaji mashuhuri wa Kifaransa, alikwisha kuonyesha njia yake katika karne ya 18: iweke ngome katika mstari wa tatu kutoka upande wako, umzuie mfalme wa adui asiuvuke, na askari akishakanyaga mstari huo, ishushe ngome hadi upande wa pili wa ubao na kumpigia mfalme cheki, yaani kumshambulia moja kwa moja, kutoka nyuma, kwa kuwa sasa hana tena pa kujificha. Maelezo yenyewe ni ya dakika 10. Miezi 7 baadaye nafasi ile ile ilinijia tena mbele ya mchezaji aliyenizidi kwa alama zaidi ya 150. Alijaribu kwa hatua 30 hivi, akatikisa kichwa, akanipa mkono wa sare. Je, kipaji kilinijia katika miezi hiyo 7?

Wanaopenda neno kipaji ningewakumbusha utafiti wa wanasaikolojia William Chase na Herbert Simon wa Marekani uliochapishwa mwaka 1973. Waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka wazipange kete upya kwa kumbukumbu. Nafasi ilipotoka katika pambano halisi, bingwa aliwaacha wengine mbali. Kete zilipotawanywa ovyo ovyo, ubora wake ukayeyuka karibu wote. Kumbe hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa ameona mafungu mengi ya kete yenye maana, akayazoea kama msomaji anavyoyazoea maneno asiyahesabu herufi. Sikatai kwamba watoto hujifunza haraka kuliko sisi, na kwamba mimi sitakuwa bingwa wa chochote. Ninachokataa ni kumwambia mtu wa makamo kwamba mlango umefungwa, hali yeye hajaugusa.

Sasa nije kwa waandaaji. Mashindano manne kati ya matano ninayoalikwa siku hizi ni ya michezo ya kasi, raundi 7 au 9 kwa siku moja, watu wakapigwe picha kabla ya magharibi. Naelewa kwamba ukumbi hukodiwa kwa gharama na waamuzi ni wa kulipwa. Lakini dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua zinatosha kwa FIDE kuuhesabu mchezo wa sisi wa madaraja ya chini kuwa wa muda mrefu, na raundi 5 za namna hiyo huenea katika siku 2. Tunaomba walau mashindano mawili kwa mwaka yawe hivyo.

Jambo jingine ni karatasi za hatua. Kwa mujibu wa kanuni karatasi hizo ni mali ya mwandaaji, na wengine hushikilia haki hiyo kwa nguvu zote. Katika mashindano fulani niliona mafungu mawili ya karatasi za raundi zote yakitupwa katika pipa la taka wakati kombe linakabidhiwa, na kati yake zilikuwamo zangu 6 ambazo sikuwa nimezinakili. Siku hiyo hiyo mimi na mpinzani wangu tulifukuzwa pembeni mwa ukumbi, tukiwa tunapitia kwa kunong'ona hatua tulizotoka kuzicheza, eti tunachelewesha kupanga viti. Robo saa ile ndiyo shule yetu. Mpinzani aliyekushinda, akiwa bado na joto la mchezo, atakwambia aliogopa nini na alifurahi wapi, na hakuna programu inayoweza kukwambia hayo. Meza mbili katika chumba cha kando, na ruhusa ya kupiga picha karatasi kabla hazijakusanywa, havihitaji mfadhili.

Kwako wewe mhariri nina ombi dogo zaidi. Kila mara gazeti hili linaporipoti mashindano hutupa jina la mshindi, picha ya kombe na neno la mgeni rasmi. Tungeomba safari moja picha hiyo ipunguzwe kidogo, na nafasi inayobaki ichapwe mchoro wa ubao na hatua za pambano moja, si lazima la meza ya kwanza wanapochezea wanaoongoza. Kama hakuna atakayejitolea kuanza, nipo tayari kukuletea lile la ngome na askari, nililoshindwa, pamoja na mambo yote ya aibu niliyoyaandika pembeni.

Wako mtiifu,
Mchezaji wa ridhaa