Mdogo wangu, hela ya jarida hilo sikupi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Meseji nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye daladala, nikaisoma tena nilipofika nyumbani. Makala yako ya utafiti, ile ya modeli ya kusikia Kiswahili (programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na sauti za watu), imekataliwa, na papo hapo kuna jarida limekuandikia barua pepe likikuita "Profesa" na kukuahidi kuichapisha ndani ya siku saba ukituma dola 150. Unaomba nikukopeshe. Hela ninayo, ila kwa hilo sikupi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniomba, nami nimechoka kurudia maneno yaleyale WhatsApp.

Hao wa siku saba nina kisa chao. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walitengeneza programu iitwayo SCIgen, inayounga istilahi za kompyuta ovyo ovyo hadi zionekane kama makala ya utafiti. Ina muhtasari, ina grafu, ina marejeo; kilichokosekana ni maana tu. Makala mbili wakazipeleka kwenye mkutano mmoja uliokuwa ukijulikana kwa kumwagia watu mialiko ya barua pepe. Moja ikakubaliwa, bila hata kuhakikiwa. Sasa huyo anayekuita Profesa wakati bado unadaiwa ada ya muhula, amesoma nini chako? Na chapisho la namna hiyo halifutiki. Utakapoomba ufadhili wa uzamivu, atakayeliona ni mtu anayelijua jarida hilo vizuri kuliko wewe.

Najua kukataliwa kunauma, na ni kweli kuna bahati nasibu ndani yake. Mwaka 2014 waandaaji wa mkutano mkubwa wa akili bandia ambao leo unaitwa NeurIPS walichukua makala 166, wakazipeleka kwa kamati mbili zisizoonana. Kwa kama robo ya makala hizo, kamati moja ilisema ndiyo na nyingine ikasema hapana. Ukiangalia zile tu zilizokubaliwa na kamati moja, zaidi ya nusu zilikataliwa na nyenzake. Makala ya kwanza ya word2vec, ile njia maarufu ya kuyageuza maneno kuwa namba, ambayo wewe mwenyewe umeitaja kwenye utangulizi wako, ilikataliwa kwenye mkutano mwingine mkubwa, ICLR, mwaka 2013.

Lakini usijifariji haraka. Nimeyasoma maoni ya wahakiki wako watatu. Wa kwanza hakusoma zaidi ya muhtasari. Wa tatu anataka uwe umefanya utafiti wake yeye. Wa pili, huyo uliyemwita mchawi, ndiye aliyekufanyia kazi ya bure, na yuko sahihi.

Anauliza: wasemaji wa kufunzia modeli na wasemaji wa majaribio ni watu tofauti? Si tofauti. Ulirekodi wenzako 22 mle hosteli, ukachanganya sentensi zote kama karata, ukakata asilimia 80 za kufunzia huku na 20 za majaribio kule. Kwa hiyo sauti ya mwenzako wa kitanda cha juu iko pande zote mbili, na ile feni yako inayolia kwek kwek iko pande zote mbili. Modeli haikupimwa kama inasikia Kiswahili. Ilipimwa kama inawakumbuka marafiki zako. Data ya Kiswahili ya Common Voice unayoifahamu, ule mkusanyo wa sauti za watu waliojitolea, ina safu ya kitambulisho cha msemaji kwenye orodha yake ya rekodi, na migao yake rasmi haimruhusu msemaji mmoja kukaa pande mbili. Fanya hivyohivyo: wagawe watu kwanza, sentensi zitawafuata. Namba yako ya usahihi itashuka, labda vibaya sana. Iandike hivyo hivyo ilivyoshuka, na ile ya zamani iweke pembeni yake kwenye jedwali, maana tofauti baina ya hizo mbili ndiyo jambo jipya utakalomwambia msomaji.

Nasema kwa ukali kwa sababu na mimi niliwahi kuaibika. Mwaka wangu wa mwisho wa uzamili nilikuwa na jedwali lenye usahihi wa asilimia 84 wa kupendeza. Msimamizi akaweka kidole juu yake: "Hii imetoka jaribio gani?" Nikafungua folda mbele yake. Mlikuwa na faili liitwalo matokeo_mwisho, lingine matokeo_mwisho_kabisa, na la tatu matokeo_mwisho_haki_ya_Mungu. Sikuwa nimeandika popote namba ya kuanzishia unasibu (ile inayokuwezesha kurudia jaribio lilelile na kupata jibu lilelile) wala toleo la data. Nikarudia jaribio mara sita. Kubwa kuliko zote ilikuwa 79. Nilitetea tasnifu na 79. Tangu siku hiyo nina daftari la karatasi, la kaunta kabisa, na kila jaribio lina tarehe, mipangilio na nilichokitarajia kabla sijaliendesha. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Ukishasahihisha, peleka AfricaNLP. Ni warsha, si mkutano mkuu, ila ndiko waliko watu wanaohangaika na lugha zetu, na maoni yao utayatumia. Masakhane nako ingia, ile jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika; kuuliza hakulipiwi. Msimamizi wako mtumie kurasa mbili kila wiki badala ya arobaini siku moja kabla ya mwisho, halafu umlalamikie kuwa hajibu.

Jumamosi njoo nyumbani na laptopu, chaja na orodha ya wale watu 22. Tutawagawa pamoja kabla ya chakula cha mchana. Mama hajui habari za dola 150, na sitamwambia.

Dada yako