Kijana hawezi kunipisha kiti kisichopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua. Nina miaka 73, naishi Ilala, Dar es Salaam, na kila mwezi nahudhuria kliniki ya presha. Njia ya kwenda huko zamani niliitembea huku napiga mluzi. Siku hizi naitembea kwa vituo: nashika nguzo ya umeme, napumua, naegemea ukuta wa watu mpaka mlinzi wa getini aanze kunitazama vibaya, nasogea. Safari ya mwezi uliopita nilijipa kazi ya kuhesabu sehemu za umma ambazo mtu anaweza kukaa njiani bila kununua kitu. Sikupata hata moja.

Wengi wanaoandika habari za wazee hulalamika kwamba vijana hawana adabu tena. Mimi sioni hivyo. Nikipanda daladala, mtu huinuka kabla sijamaliza ngazi: "Shikamoo mzee, kaa hapa." Konda, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa anagombana na abiria juu ya chenji, hunishika mkono wakati wa kushuka na kugonga bodi: "Taratibu dereva, mzee anashuka!" Adabu ipo. Tatizo linaanza nikishakanyaga chini. Hapo kijana hawezi kunipisha kiti kisichopo.

Mji huu haukuwa hivi. Tuliokulia Kariakoo na Ilala tunazikumbuka nyumba za Kiswahili: mlango katikati, korido, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma, na mbele kabisa, ukingoni mwa barabara, baraza la saruji. Marehemu baba yangu miguu ilipomchoka hakubaki kitandani akitazama dari. Asubuhi alitoka hatua sita, akaketi barazani, na mji ukamjia wenyewe. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe, bao likachezwa, aendaye sokoni akasimama kuamkia na kuacha habari za msiba au harusi. Mpita njia aliyechoka naye alikaa kwenye baraza la mtu asiyemjua, akaletewa maji ya kunywa, akaenda zake. Hakuna aliyeita jambo hilo huduma kwa wazee.

Leo viwanja vile vina ghorofa, na palipokuwa na baraza pana fremu ya duka. Sigombi na ghorofa. Nyumba yetu ya urithi nasi tuliiuza, na fungu langu nilishalila. Nasema tu kwamba tulipouza nyumba zile tuliuza pamoja na viti vya mji mzima, na kwenye hati ya mauzo viti havikutajwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Waliobaki wakinikalisha walikuwa wamachinga. Mwuza mitumba alinivutia ndoo akaigeuza kitako juu, mama lishe alinipa benchi lake hata kama sikula, fundi viatu alinisogezea kigoda. Mwishoni mwa 2021, walipoondolewa kando ya barabara, nilifurahi kama wengine kuona njia nyeupe. Nilifurahi kama siku tatu hivi. Ya nne nikagundua kwamba natembea kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake bila pa kuweka mwili. Wamachinga walitoka na ndoo zao na vivuli vyao, na baada yao halikuwekwa lolote, isipokuwa bodaboda, ambao waliona njia iko wazi wakaifanya yao.

Sasa niseme la choo, na wanaoona haya waruke aya hii. Wengi wetu wa kliniki tunapewa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Ukikimeza asubuhi, kwa saa kadhaa utakuwa unatafuta choo, na mwenye tezi dume ndiyo zaidi. Kwa kuwa njiani choo hakuna, au kipo kimefungwa na mwenye ufunguo haonekani, siku ya kliniki hatumezi. Tunafika na presha iko juu, daktari anashangaa, anaongeza dozi. Kwenye foleni ya dirisha la wazee tunachekeana kuhusu jambo hili, kila mtu akidhani ni ujanja wake peke yake. Najua si la kuchekea, na kuanzia sasa nimeahidi kumwambia daktari ukweli.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, uliotokana na mazungumzo na wazee wa miji 33, Nairobi ukiwemo. Humo hamna maajabu: pa kukaa, choo safi, njia isiyo na mashimo, muda wa kutosha kuvuka barabara. Wenzetu Zanzibar tangu 2016 wanamlipa pensheni kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi, na nawaonea wivu wa halali. Ila hata ningekuwa na pensheni hiyo mfukoni, kivuli cha kununua Barabara ya Uhuru sijakiona.

Na tukitaka tunajua kujenga. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, sakafu ya kituo ilijengwa ilingane na sakafu ya basi. Mzee wa fimbo anaingia kama anayeingia sebuleni kwake. Yupo mhandisi aliyeketi akalifikiria goti langu, na namwombea dua. Ombi langu ni kwamba alifikirie pia ninapotoka kituoni, mita mia mbili za kwanza.

Nimewahi kulipeleka suala hili kwa kiongozi mmoja wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, akanijibu kwamba ukiweka viti barabarani unakaribisha wahuni. Nikamuuliza, zama za mabaraza wahuni walikaa wapi? Sisi tuliokuwa wadogo tunajua jibu: barazani palikuwa na wazee, na mwizi gani apite mbele ya wazee saba wanaolijua jina la mama yake? Alicheka, akasema atalifikisha mbele. Ni miaka miwili sasa.

Siandiki nikiomba bustani kama ya Forodhani. Naomba zege. Jirani na kwangu barabara ya mtaa inatengenezwa. Mitaro imeshajengwa, mifuniko inawekwa, na kingo za njia ya miguu zinamiminwa kidogo kidogo. Kwa saruji ileile na mbao zilezile, ukingo ukiinuliwa hadi usawa wa goti kwa urefu wa mita mbili, tayari ni baraza. Juma lililopita niliwauliza vijana wanaofunga mbao kama wanaweza kufanya hivyo kwenye kona yetu, chini ya mwarobaini ambao kwa bahati shoka halijaufikia. Walikuwa na heshima sana. Mmoja aliniinulia mfuko wa saruji nikae juu yake. "Babu, sisi tungekujengea hata leo," akasema, "lakini kwenye ramani haipo."

Basi Mhariri, barua hii iwafikie wenye ramani. Kwa mwendo ninaouona, zege litafika kwenye mwarobaini kabla mwezi haujaisha.

Wako,
Mzee wa Ilala,
Dar es Salaam