Barua ya wazi kwa watoto wa mabondia mlioamua kuvaa glovu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi ambao baba zenu walipigana ngumi, na sasa nanyi mmeingia ulingoni. Najua mnavyopokelewa. Kijana hajapiga hata pambano la raundi nne, lakini mtangazaji ameshalitaja jina la baba yake mara tatu, na ukumbi mzima unaitikia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Hapa kwetu Tanzania msemo huo una utamu wake wa pekee, maana bondia Rashid Matumla mwenyewe aliitwa Snake Man, yaani Mtu Nyoka, na mwanawe Mohamed alimfuata ulingoni. Nami huushangilia pamoja na wengine. Lakini kuna jambo ambalo ukumbi hauwaambii, na ndilo lililonifanya niandike. Jina la baba linakurukisha foleni, na kwenye foleni hiyo ndiko ngumi zinakofundishwa.

Mtafuteni Marvis Frazier, mtazameni vizuri. Baba yake ni Joe Frazier, yule aliyemwangusha Muhammad Ali pale Madison Square Garden tarehe 8 Machi 1971 na kumshinda kwa pointi. Marvis hakuwa mtoto wa kubebwa. Alitamba kwenye ngumi za ridhaa huko Marekani, alikuwa na nidhamu, na alilala na kuamka jimu kwa baba yake Philadelphia. Alipoingia ngumi za kulipwa akashinda mapambano kumi mfululizo. Kumi tu. Pambano la kumi na moja akapewa Larry Holmes, bingwa wa uzito wa juu aliyekuwa ameshapigana mara 44 bila kupoteza. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1983, Las Vegas. Marvis aliangushwa, akainuka, akabanwa kwenye kamba, na Holmes huku akipiga alikuwa anamwonyesha mwamuzi ishara aje asimamishe. Raundi ya kwanza haikuisha.

Baba yake ndiye aliyekuwa meneja wake, na ndiye aliyekuwa kwenye kona.

Sasa angalieni kilichofuata, maana watu wengi hukiruka. Marvis hakufa moyo. Alirudi akashinda mapambano sita, na mmoja wa aliowashinda mwanzoni mwa 1986 ni James Smith, yule waliyemwita Bonecrusher. Smith huyohuyo, kabla mwaka haujaisha, alimpiga Tim Witherspoon na kuchukua mkanda wa dunia wa WBA, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa ngumi. Kwa hiyo kijana alikuwa na uwezo wa kumshinda mtu wa kiwango cha ubingwa. Lakini Julai ya mwaka huohuo alishapelekwa mbele ya Mike Tyson, na baada ya sekunde 30 alikuwa chini. Rekodi yake yote ni mapambano 21: kashinda 19, kapoteza mawili, na yote mawili yaliishia raundi ya kwanza. Leo watu wanazikumbuka sekunde 30 tu. Mimi huumia nikifikiri angekuwa nani kama angeitwa jina lingine na kuachwa apigane miaka mitatu mingine na watu wa kawaida, kwenye kumbi ndogo, bila kamera.

Bondia asiye na jina hupita kwenye mapambano ya utangulizi yasiyoangaliwa na mtu. Hukutana na mkorofi anayepiga kichwa, na mzee mjanja anayemkumbatia raundi nzima. Hukutana na mtu wa mkono wa kushoto asiyemwelewa kabisa, akatoka na pointi za taabu. Hapo ndipo anapojua pumzi yake inaisha raundi ya ngapi. Wewe promota hatakupitisha huko. Jina lako linauza tiketi leo, hana sababu ya kungoja uive.

Halafu kuna ugomvi wa kurithi. Laila Ali na Jacqui Frazier-Lyde walikutanishwa Juni 2001, na kilichouzwa ni uhasama wa baba zao. Jacqui alikuwa mwanasheria aliyeanza ngumi za kulipwa akiwa na miaka 38. Chris Eubank na Nigel Benn walipigana Uingereza mara mbili, 1990 na 1993. La kwanza Eubank alishinda raundi ya tisa, la pili likawa sare. Miaka thelathini baadaye watoto wao, Chris Eubank Jr na Conor Benn, wakaitwa wamalize. Mmoja alizoea uzito wa kati, mwenzake wa welter, chini kabisa yake. Mtu anayezijua ngumi asingewaoanisha hao, isipokuwa kwa sababu ya majina.

Eubank mzee alipinga hadharani. Mwaka 2022, pambano lilipopangwa kwa uzito wa pauni 157, yaani kama kilo 71, alisema mwanawe anahatarishwa maisha kwa kukaushwa maji ya mwili hivyo. Lile la 2022 halikufanyika. Likaja tena Aprili 2025, kwenye uwanja wa Tottenham jijini London. Eubank Jr alizidi kikomo cha uzito kwa gramu ishirini na kitu akatozwa faini kubwa ajabu, na mkataba ukamzuia asirudishe mwili wake kupita kiasi kilichowekwa hadi asubuhi ya pambano. Alishinda kwa pointi, kisha akapelekwa hospitali. Novemba wakarudiana, akaangushwa raundi ya mwisho, akashindwa.

Yule mzee ana sababu ya kuogopa, na uwanja ule unaijua. Umejengwa palepale palipokuwa uwanja wa zamani wa White Hart Lane, ambapo Septemba 1991 yeye mwenyewe alipigana na Michael Watson. Watson alikaa kwenye koma siku 40, akatoka na ulemavu. Huduma ya dharura ilichelewa, na kesi aliyoifungua baadaye dhidi ya wasimamizi wa ngumi wa Uingereza, akashinda, ilibadilisha namna madaktari wanavyowekwa karibu na ulingo.

Ndiyo maana nataka mlitazame pambano la Machi 2016 kati ya Eubank Jr na Nick Blackwell. Kijana alikuwa anashinda kwa mbali. Mwenzake uso umevimba, hajibu tena, na mwamuzi anaacha tu. Kati ya raundi, baba akainama kwenye kona akamwambia mwanawe aache kichwa, apige mwili. Daktari alilisimamisha raundi ya kumi kwa sababu ya jicho, na Blackwell akaondoka kwa machela, ubongo ukivuja damu. Mungu alimnusuru. Wapo waliomsema baba yule kwamba alimpunguza mwanawe makali. Mimi naona ndiyo kazi bora kuliko zote alizofanya ulingoni, pamoja na mikanda yake.

Basi baba yako akiwa hai, usimtafute akusimulie aliowaangusha. Hiyo umeisikia tangu utotoni. Muulize usiku aliorudi nyumbani asikumbuke njia. Muulize mapambano aliyokataa na kwa nini, na yale ambayo angeyakataa kama angekuwa na uwezo. Akinyamaza, muulize mama. Yeye ndiye aliyekesha. Na kama baba ndiye mwalimu wako, mkubaliane kabla, mkiwa wawili tu, nani atarusha taulo na kwa dalili zipi, ili siku hiyo fahari ya jina isiwe na kura.

Kabla hujasaini, uliza uzito, na uliza utaufikia kwa wiki ngapi. Uliza gari la wagonjwa litaegeshwa wapi na hospitali gani imeandaliwa. Usione haya. Kamisheni inayosimamia ngumi ina wajibu wa kukujibu, na promota anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu. Omba wapinzani wanaokuzidi kidogo, mmoja baada ya mwingine, hata kama bango halitakuwa na picha yako.

Na simu ikija wiki mbili kabla ya pambano kubwa, kwamba bondia fulani ameumia na wewe kwa jina lako ndiye unayefaa kujaza nafasi, sema hapana. Promota atakubembeleza, atamtaja baba yako, atakwambia bahati haiji mara mbili. Sema hapana tena. Atampigia mwingine.

Ni mimi mzee wenu.