Harambee ya Miguu ya Binti Yetu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mnamjua yule binti wa shule ya Jumapili anayekaa benchi la mbele, karibu na kinanda. Ana miaka 5. Juzi mama yake alituonyesha viatu vyake: ncha zimelika mpaka kidole kinachungulia, visigino vipya kama vimetoka dukani leo. Hakanyagii kisigino kamwe. Kila asubuhi mama humpaka mafuta mapajani na kumkanda taratibu mpaka magoti yaachane, ndipo amvalishe.

Ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema na sasa hukaza misuli ya miguu yake. Alizaliwa kabla ya siku zake. Si laana wala hakurogwa. Tunalisema wazi kwa sababu maneno hayo yamemfikia mama yake, na yamemuumiza.

Upasuaji upo. Daktari hufungua mgongo sehemu ya kiunoni, akatenganisha nyuzi za neva zinazoleta hisia kutoka miguuni, akazipima moja moja kwa umeme mdogo, kisha akakata zile zinazochochea misuli kukaza. Ni kazi ya saa kadhaa. Na si jambo la kigeni Afrika: Dkt. Warwick Peacock aliuendeleza upasuaji huu katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross, Cape Town, miaka ya 1980, kabla hajahamia Marekani. Cape Town ndiko tunakotaka binti yetu aende.

Hatutawadanganya. Ubongo hautapona, na neva iliyokatwa imekatwa. Mwanzoni miguu hulegea sana, maana kule kukaza ndiko kulikokuwa kukimsimamisha. Nguvu hujengwa kwa mazoezi, miezi na miezi. Kwa hiyo kamati imekataa kuchanga nauli na gharama za hospitali peke yake. Mazoezi ya mwaka mzima yamo kwenye bajeti, nayo imebandikwa mlangoni pa ofisi ya kanisa, isomeni. Akipasuliwa halafu akose mazoezi, tutakuwa tumemtesa bure.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Njoo na pesa taslimu, ahadi, au kuku wa kunadi. Hata shilingi hamsini ya mtoto itaandikiwa risiti.

Wenye magari, tunawaomba zamu za kumpeleka mazoezini Jumanne na Ijumaa atakaporudi. Daftari liko kwa mweka hazina. Majina mawili tayari yameandikwa.