Saa ya seva na saa ya Mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo vyama vingi vya akiba na mikopo hapa Mwanza huwaachia mafundi wa kompyuta peke yao, nalo ni upangaji wa saa za kazi zinazojiendesha zenyewe kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za chama: kutengeneza nakala rudufu ya hesabu, kukokotoa riba, na kutuma meseji za kuwakumbusha wanachama marejesho yao.

Mimi ni mhasibu wa chama kimojawapo, ambacho wanachama wake wengi ni wafanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Tulimwomba kijana mmoja atupangie nakala rudufu ifanyike kila siku saa mbili usiku, ofisi ikiwa imefungwa na soko limetulia. Aliandika mstari mmoja tu katika cron, programu ambayo mifumo ya kuendeshea kompyuta ya Unix, na baadaye Linux, imeitumia tangu miaka ya 1970 kuanzishia kazi za namna hii. Mstari huo huanza na nafasi tano, yaani dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, naye alijaza 0 kwenye dakika, 2 kwenye saa, na alama ya nyota, yenye maana ya "kila", katika nafasi tatu zilizobaki.

Ile 2 ndiyo iliyotuponza. Saa mbili yetu ya usiku kompyuta huiandika 20. Ile 2 kwake ni saa nane usiku. Hata hiyo saa nane haikutimia, kwa sababu seva tuliyoikodi iko Ulaya na imewekwa kwenye saa za kimataifa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kazi ikawa inaanza saa kumi na moja alfajiri na kufunga daftari la malipo kwa karibu dakika arobaini, wakati uleule mitumbwi inaporudi na wanunuzi wanataka kutoa fedha kwa simu wawalipe wavuvi. Mama mmoja alinipigia akiwa ufukweni, ndoo za dagaa zimepangwa mbele yake na mwenye mtumbwi anamsubiri, akaniuliza, "Mwanangu, hela zangu bado zimelala?" Ilituchukua wiki nzima kulijua kosa, maana sisi tulifika kazini saa mbili asubuhi na kukuta kila kitu kinafanya kazi. Namba iliyotakiwa ni 17, yaani 20 ukitoa zile saa tatu.

Simlaumu sana yule kijana, kwa kuwa hakuna aliyemsomea saa hizo kwa sauti akamuuliza maana yake. Ninachopinga ni desturi ya ratiba kukaa kichwani mwa fundi. Nashauri kila chama kiwe na ratiba hiyo kwenye karatasi, kwa Kiswahili, ikionyesha saa ya Mwanza kando ya saa ya seva, na isainiwe na mtu anayezijua shughuli za wanachama.

Karatasi hiyo ioneshe pia nani anapata taarifa kazi isipofanyika. Kwa kawaida cron hutuma majibu yake kwenye sanduku la barua lililomo ndani ya seva yenyewe, ambalo sijapata kuona mtu akilifungua. Wenye seva ofisini wakumbuke kwamba umeme ukikatika saa ya kazi ikapita, cron hairudi nyuma kuifidia; kwa hilo ipo programu nyingine, anacron. Na anayeweka tozo ya mwisho wa mwezi kwenye tarehe 31 ajue kwamba itafanyika mara saba tu kwa mwaka.

Liko moja ambalo cron haitatusaidia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika. Siku hizo ndizo zingefaa kwa kazi nzito za seva, lakini katika zile nafasi tano hakuna ya mwezi wa angani. Kwa sasa nazipanga kwa mkono, baada ya kuwauliza wenye mitumbwi.

Mhasibu,
Kirumba, Mwanza.