Mwanaidi, nisaidie kupiga hesabu ya giza

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwanza. Mimi sijambo, baridi ya huku Ujerumani tu ndiyo inanisimanga. Hofu kwako na wanao. Najua umenuna. Miezi minne kimya, halafu naibuka na shida. Ndiyo, nina shida.

Zile punje zangu zitanitoa roho. Si nilikwambia nashughulika na nukta za kwanta? Vijifuwele vya kadimiamu selenaidi, nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na rangi inafuata ukubwa: vidogo vinatoa buluu, vikikua vinaelekea nyekundu. Ndizo zilizowapa Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Mama aliposikia redioni akanipigia kunipongeza mimi!

Ukizitazama nyingi kwa pamoja, mwanga umetulia, wala haupauki upesi kama wa rangi za kawaida za maabara. Sasa itenge moja chini ya hadubini, uimulike kwa leza bila kukatiza. Inawaka, inazima, inawaka. Afadhali mgao wa umeme, una ratiba.

Wengi wanaeleza hivi: elektroni inachepuka, inanaswa usoni pa punje, punje inabaki na chaji. Nishati ambayo ingetoka kama mwanga inamezwa na ile chaji iliyobaki, inaishia kuwa joto. Giza, mpaka mtoro arudi. Ganda la zinki salfaidi linapunguza utoro, na likiwa nene linapunguza zaidi, ila mimi nataka punje ndogo ziingie kwenye seli hai, kwa hiyo... basi, tuliache hilo.

Kilichonileta ni wastani. Nilirekodi, nikapiga wastani wa vipindi vya giza. Nikarekodi kwa muda mrefu zaidi, wastani ukapanda. Nikaongeza tena, ukapanda tena! Wiki nzima naisingizia kamera. Msimamizi wangu akacheka: hautatulia hata ukae hapo mpaka uzeeke. Vipindi vinaanzia milisekunde hadi dakika nzima, na ukichora idadi yake dhidi ya urefu wake kwa logi pande zote mbili (kila hatua ni mara kumi), inashuka kwa mstari mnyoofu, mteremko karibu 1.5. Yaani kadiri ninavyongoja, ndivyo giza refu zaidi linavyonikuta. Wewe ungeliona siku ya kwanza. Mimi somo la takwimu nililipita kwa daftari lako.

Balaa zaidi, nikisogeza kizingiti, yaani kiwango cha mwanga cha kuamua hii imewaka au imezima, na mteremko nao unasogea. Halafu kikao ni Alhamisi ijayo.

Basi niambie, kizingiti nikiweke wapi? Kuna njia ya kutokitumia kabisa? Nikikutumia mafaili, bando litatosha, au nimpe Saidi akija mwezi ujao? Zuhura kajifungua? Na vile vitenge, bado unanidai au umeshasamehe?

Wako,
Tatu