Barua ya wazi kwa wagumu, yaani wapagazi, na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro

Wanangu wa Marangu, Machame, Umbwe na Rongai, na nyinyi mnaotoka Arusha kupandia Londorossi,

Salaam nyingi. Najua baadhi yenu mtaisoma barua hii getini mkisubiri mizigo ipimwe, kwa hiyo naanza na jambo lililonikalisha chini kuandika.

Mwezi uliopita alikuja kwangu mwongozaji mmoja, mtu wa makamo, aliyefika kileleni mara nyingi asizozihesabu tena. Alipokaa tu akatoa mfukoni kile kifaa cha kubana kidole mnachowapimia wageni oksijeni, akakiweka mezani. "Mama, nichukulie hiki." Tangu 2021, baba yake alipofariki kwa korona, ile tuliyoiita changamoto ya upumuaji, amekuwa akijipima kila usiku. Mara ishirini, mara thelathini. Kinasoma 97, oksijeni ya kutosha kabisa. Anakivua, anabana kidole kingine. 97. Mkewe akigeuka kitandani, anakisukumia chini ya godoro. Iliposikika homa ya Marburg imeingia Kagera mwaka 2023, na tena Januari 2025, akaanza upya kushtuka saa nane za usiku akiamini pumzi inakata. Kagera na Moshi ni mbali, anajua, ila moyo wake haukutaka kujua.

Ameniruhusu niwasimulie, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini hapa Moshi, na wengi wenu mmenikwepa barabarani kwa sababu hiyo, mtu asije akaonekana anasalimiana na daktari wa vichaa. Siwalaumu. Ila naomba leo mnisikilize, maana ninachotaka kuwaambia nyinyi mnakijua kuliko watu wengi wa mji huu.

Mgeni akifika kambi ya Kibo, mita 4,720, akawa hali, anajibu mkato, anayumba kama mlevi, hakuna anayemwambia ajikaze. Mnamuuliza amelalaje, kichwa kinaumaje, amekunywa maji kiasi gani. Mnambana kidole. Ikibidi mnamshusha usiku huo huo kwa machela ya gurudumu moja, hata kama analia kwamba safari ameilipia miaka miwili. Mmewaona wanajeshi na wakimbiaji wakishushwa, huku bibi wa miaka 65 akijikongoja pole pole mpaka kilele cha Uhuru. Mnajua mlima hauangalii msuli, na aliyeshushwa hamumcheki. Sasa mwenzenu aliyeacha kula, anayejibu mkato, aliyejifungia ndani wiki ya tatu hii, mnamwambia nini? Mnamwambia wewe si mgumu bwana, jikaze. Jina hilo la wagumu nalipenda, mmelipata kwa jasho. Lakini nimeona likiwafunga watu midomo.

Mwaka 2020 ulianzia kwetu. Machi 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Arusha, aliyekuwa ameshukia KIA, uwanja wetu wa ndege. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za kimataifa zikasimama, na hata ziliporuhusiwa tena Mei 18, wageni waliofika walikuwa wa kuhesabu. Nilikuwa nikipita soko la Memorial naona buti za mlimani na majaketi ya baridi kali yamepangwa kando ya mitumba. Siku moja nilimwona kijana akiuza buti zake. Alikuwa amezisafisha zikang'aa, akazitia kamba mpya. Mnunuzi akalipa, akaondoka nazo. Kijana akabaki amesimama palepale, kamba za zamani mkononi, akizikunja na kuzikunjua. Sikumsemesha. Hilo linanisumbua hadi leo, maana kazi yangu ni kusemesha watu.

Hofu nayo ilikuwa na chakula chake. Takwimu zetu zilikomea wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020, kukawa kimya kwa zaidi ya mwaka. Akili ya binadamu haikai na kimya, inakijaza. Ilijazwa na sauti za WhatsApp, na hesabu za majeneza ambazo kila mtu alizisikia kwa mtu mwingine. Watu wakapiga nyungu mchana na usiku. Sina ugomvi na nyungu, mvuke unafariji, lakini niliwahudumia watu waliojifukiza mara sita kwa siku, ngozi ya uso imebabuka, na bado usingizi hakuna. Si sisi tu. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka wa kwanza wa korona peke yake uliongeza wasiwasi na sonona duniani kwa asilimia 25.

Na tiba yenyewe ikawa ngumu. Mimi nasoma uso wa mtu, na uso ulikuwa umefunikwa barakoa. Nikatoa viti nje, chini ya mwembe, mbali mbali. Wengine niliongea nao kwa simu, na hapo nikajifunza kitu: mwanamume ambaye ofisini kwangu asingesema neno, alisema akiwa amesimama peke yake migombani, giza limeingia, simu sikioni. Nilikuwa nasikia majani yakichakacha na yeye akipangusa kamasi. Tangu hapo siidharau tiba ya simu.

Nirudi kwa yule wa kifaa. Ilinichukua vikao vinne kulifikia jambo lenyewe. Baba yake alipoanza kukohoa, mwana alimbana kidole. Kikasoma 84, ambayo huku chini ni hatari. Na yeye, wanangu, macho yake yalikuwa macho ya Barafu, kambi ya juu mlimani. Kule juu mgeni akisoma 80 na anaongea vizuri, mnampa chai na safari inaendelea. Akamwambia mama yake, mbona si mbaya, tusubiri asubuhi. Asubuhi ilikuwa 71. Walifika hospitali, lakini mzee hakurudi. Mnaelewa sasa kwa nini hawezi kukiacha kifaa kile. Kila usiku anasahihisha jibu alilokosea.

Sikumwambia kwamba hana kosa. Ndugu walikuwa wamemwambia hivyo mara mia na halikumwingia. Nilimuuliza: usiku ule ulikuwa unajua nini? Si unachojua leo. Tukaurudia usiku ule saa kwa saa, mara nyingi, mpaka akaweza kuusimulia bila kutetemeka. Hofu ya pumzi tuliishughulikia kando. Mtu akipumua haraka haraka kwa woga, hewa chafu inatoka mwilini kupita kiasi, vidole vinachonyota, kifua kinabana, kichwa kinakuwa chepesi, na yeye anaamini anakosa hewa ilhali anapumua kupita mahitaji. Dawa yake ni ileile mnayowaimbia wageni, pole pole: vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, dakika tano hivi. Na kifaa nilikichukua kweli, kipo kabatini kwangu. Akipata safari anakuja kukifuata, akishuka anakirudisha.

Lakini kulikuwa na deni jingine ambalo mimi na ofisi yangu tusingeweza kulilipa. Mzee alizikwa haraka kihambani, shambani kwa ukoo, watu wachache, wamesimama mbali mbali, wa Dar es Salaam wengine hawakuwahi. Hakuna aliyekesha, hakuna aliyeshikana mkono. Msiba wa namna hiyo haumaliziki, unakaa mlangoni. Nikamshauri aongee na baba yake mdogo. Jumamosi moja wakakusanyika pale migombani, ndugu wote, akapewa jani la isale, ambalo Wachagga huombea msamaha, akaliweka juu ya kaburi na kuomba msamaha kwa sauti, mama yake akisikia. Mama akamjibu kwa Kichagga maneno ambayo hakunitafsiria, nami sikumuuliza. Wiki ile alilala.

Si kila mtu ataponea hapo. Huzuni ikizidi wiki mbili, chakula hakipiti, usingizi unakata alfajiri, kazi uliyoipenda haina ladha, hiyo ni sonona, na inatibika. Kuna dawa. Hazilevi wala hazikufanyi zezeta, ila zinataka subira, mara nyingi wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, na usiziache ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri. Mchungaji wako au shehe wako akikuombea, sema amina, kisha umeze dawa. Pombe kali haimo humu. Inakulaza saa tatu na kukuamsha saa tisa ukiwa na mawazo mawili badala ya moja. Na mwenzako akianza kusema heri nisingekuwepo, au anagawa vitu vyake bila sababu, usimwache peke yake usiku huo. Mshusheni. Hospitali ya KCMC, Mawenzi, Mount Meru kwa wa Arusha, popote palipo karibu. Mwende naye, mkae naye benchi mpaka aonwe.

Madaktari wa akili ni wachache, hilo nalijua vizuri. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari mwenzangu Dixon Chibanda alianza na bibi 14 tu wa mtaa wa Mbare, wakafundishwa kusikiliza, wakakalishwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Wao husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi; sisi tunasema ana mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi walikuwa na sikio na muda, basi. Nyinyi mna usiku wa hema, watu wanne, sita, siku saba. Mmoja wenu kila msafara awe wa kuuliza: umelalaje? Aulize wagumu kama anavyouliza wageni, na jibu la poa asiliamini upesi.

Mimi nimestaafu, niko nyumbani Rau. Viti bado viko chini ya mwembe. Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tisa mchana nipo, hakuna kadi, hakuna kujiandikisha. Anayeona aibu kuonekana aje jioni kwa njia ya nyuma, mbwa nitamfunga.

Mama yenu,
Mama Daktari